Kabla hujafungua kopo la kimea: ya kupanga ukitaka kutengeneza bia nyumbani

Kopo lenyewe halina mambo mengi. Ni kimea cha shayiri kilichochemshwa kiwandani maji yakapungua mpaka kikawa kizito kama asali, hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, zimeshatiwa humohumo, uzito kilo 1.5 mpaka 1.8, na chini ya mfuniko wa plastiki kuna kapakti ka hamira. Coopers wa Adelaide kule Australia kopo lao ni kilo 1.7, huku Uingereza kuna Muntons wa Suffolk, na karibu zote zinalenga lita 23, yaani zile painti 40 za Waingereza. Unamimina kwenye ndoo, sukari, maji, hamira, unafunika, nusu saa umemaliza. Sasa kwa sababu ni rahisi hivo watu wananunua Jumamosi mchana jioni washapika, afu wiki mbili mbele ndo wanakumbuka hawana chupa hata moja. Mi naona mapishi yameshafanywa na kiwanda, kazi iliyobaki kwako ni maandalizi tu, na bia nyingi za nyumbani zinaharibikia hapo.

Kwaiyo anza na chupa, tena miezi kabla. Lita 23 ukitoa mashapo yanayobaki chini ya ndoo unapata chupa 40 na ushee za nusu lita, na hizo hazipatikani kwa siku moja labda uwe na harusi jirani. Waambie ndugu na marafiki wakuwekee za bia, za kahawia, zile za kufungua na opena, maana chupa nyeupe ikipigwa na mwanga hopsi zinatoa harufu mbaya. Utahitaji na vizibo vipya na mashine ya mkono ya kubania. Kama hayo yote unaona usumbufu, chupa za plastiki za soda zinafaa kabisa na zina faida moja, ukiibonyeza ikawa ngumu unajua gesi imeshaingia. Chupa ya wine usiguse, ya maji ya kunywa usiguse, hazikutengenezwa kubeba presha na kioo kikipasuka usiku kwenye kabati la jikoni sio mchezo.

Na hiyo presha inanileta kwenye haidromita, kile kipimo cha kioo kinachoelea kwenye bia na kuonyesha sukari iliyobaki, maji matupu yanasoma 1.000. Wengi wanaiona ya wataalamu, wanaacha kununua, wanahesabu siku zilizoandikwa kwenye karatasi ya maelekezo, siku 5, 7, basi wanajaza chupa. Hamira haisomi karatasi. Bia ya kopo ya kawaida inaanza kama 1.040 na inashuka hadi 1.010 au chini kidogo, na ukipata namba ileile siku mbili tatu mfululizo ndo imetulia. Ikiwa imekwama 1.020 kwa sababu nyumba ni baridi na we ukafunga chupa na kuongeza sukari ya gesi juu yake, ile ya kutia chupani ili bia ipate povu, umetega bomu. Kifaa chenyewe bei yake ndogo ila kinavunjika kirahisi, kama unaweza chukua viwili. Hiyo sukari ya gesi nusu kijiko cha chai kwa nusu lita inatosha, usiongeze eti upate povu zaidi.

Usafi sasa. Watu wanachanganya kuosha na kuua vijidudu, ni vitu viwili na vinafanywa kwa zamu, kwanza uchafu wote utoke ndo uweke dawa, dawa haipenyi kwenye uchafu. Ndoo usiisugue na steelwaya maana mikwaruzo ndo nyumba ya bakteria, na ndoo iliyowahi kukaa achari achana nayo, harufu haitoki ng'o. Kama ina koki, ifungue uisafishe mpaka kwenye nyuzi zake za kufungia, pale ndo panasahaulika. Dawa za dukani zipo, zingine hazihitaji kusuuza kabisa, ile povu inayobaki haina shida, wala usihangaike nayo. Ile ya kusafishia chupa za watoto inafanya kazi, jiki isiyo na manukato pia, ila hizi mbili suuza kweli kweli kwa sababu klorini ikikutana na kimea inatoa ladha ya plasta ya kidonda, na hiyo haina dawa. Na ukumbuke kila kitakachogusa bia baada ya kupoa kimepitia dawa: mwiko, kipimajoto, mpira wa kunyonyea, hata mkasi wa kukatia pakti ya hamira.

Maji ya bomba kama yananuka klorini yachemshe au tia nusu kidonge cha Campden, kile cha kuondoa klorini, kwenye zile lita 23, yametulia.

Chumba ndo kinaamua ladha kuliko kitu kingine, hapa sitanii. Hamira nyingi za kwenye makopo, hata lililoandikwa lager, bia ambayo kawaida huchachushwa kwenye baridi, ni za kufanya kazi kwenye nyuzi 18 mpaka 22 hivi. Nyumba za huku Uingereza usiku wa Januari hita ikizimwa zinashuka sana, hamira inalala, unafungua siku ya tatu unadhani imekufa. Mkanda wa umeme wa kuzungushia ndoo unasaidia, au chagua kona ya ndani mbali na dirisha na mlango. Kinyume chake ndugu yangu wa Dar au Mombasa tatizo lako ni joto, na kumbuka bia ikichacha inazalisha joto lake yenyewe kwaiyo ndani ya ndoo kuna joto kuliko chumbani, ukivuka 25 inaanza kunukia ndizi na kichwa kesho yake kinagonga. Beseni la maji na chupa za barafu za kubadilisha asubuhi na jioni, hilo ndo la kupanga mapema. Mahali ukishaweka ndoo usipange kuhama, ikijaa ni zaidi ya kilo 23, na ukiiweka juu ya meza tangu mwanzo siku ya kujaza chupa mpira utanyonya bila kutikisa mashapo. Ndoo yenyewe iwe lita 30 kama unaweza, povu linataka nafasi.

Angalia tarehe ya kopo kabla ya kulipa. Kopo la zamani kimea kinakuwa cheusi, na hamira ile ya mfunikoni imechoka, mi ningenunua pakti nyingine ya gramu 11 pembeni kwa vyovyote. Kuhusu sukari, maelekezo mengi yanasema kilo 1 na ukitia nyeupe tupu utapata kilevi sawa ila bia nyepesi, haina mwili, afadhali nusu yake iwe unga wa kimea, au tia makopo mawili bila sukari kabisa kama mfuko unaruhusu.

Halafu watu. Hapa Uingereza tangu 1963 hakuna leseni kwa anayetengeneza bia ya kunywa mwenyewe, Marekani serikali kuu iliruhusu kwa sheria aliyosaini Rais Carter 1978, lakini kuuza ni habari nyingine kabisa, hata ukimuuzia jirani chupa moja. Ukiwa nchi nyingine ulizia kwanza. Na kama unaishi nyumba ya kushea, ongea na wenzio kabla kopo halijaingia ndani, kuna ambao dini yao hairuhusi pombe jikoni na wana haki, kuna harufu ya mkate mbichi na saa ingine ya mayai kwa siku kadhaa, na kuna watoto wa watu wanaopenda kufungua mifuniko.

Muda nao uuhesabu kinyumenyume. Wiki mbili kwenye ndoo, wiki mbili chupani sehemu ya joto ili gesi iingie, kisha hata wiki moja ya kupoa na kutulia. Anayetaka ya Krismasi basi katikati ya Novemba awe ameshafunika ndoo, na ile siku ya kujaza chupa aitafutie mtu wa pili, mmoja ashike mpira mwingine abane vizibo, peke yako ni jioni nzima na sakafu inanata.