Upinde wako umepata ufa? Angalia kwanza umeelekea wapi

Wengi wanaoanza kuchonga upinde wakiona ufa tu wanatupa mti jikoni ukawe kuni, wengine ndio kabisa, wanamwagia supagluu kila mahali halafu wanavuta kwa nguvu zote kana kwamba hakuna kitu. Wote hawajaangalia ufa umeelekea wapi. Ufa unaofuata urefu wa mti, yaani unaokwenda sambamba na nyuzi zake, mara nyingi unatibika na upinde unapiga kazi miaka. Ufa unaokata upinde kwa upana, hasa ukiwa mgongoni, huo hauna dawa. Na tuelewane mapema, mgongo ni ule upande unaoelekea shabaha, tumbo ndilo linakuangalia wewe. Ukivuta, nyuzi za mgongoni zinanyooshwa na za tumboni zinabanwa, kwa hiyo kila upande una maradhi yake.

Nyufa nyingi zinaanza kabla hata hujashika panga la kuchongea. Mti mbichi ukikauka unasinyaa, na unasinyaa zaidi kuzunguka duara lake kuliko kutoka kwenye kiini kwenda nje, karibu mara mbili, sasa fimbo nzima ya mviringo haina pa kukimbilia, lazima ichanike kuelekea kiini. Halafu maji yanatoka haraka sana kule kwenye vichwa ulikokata na msumeno, ndio maana nyufa za kwanza utaziona huko. Kwa hiyo ukishakata mti wako, tuseme mkole maana sehemu nyingi kavu unapatikana na watu wanautumia kwa pinde na mipini tangu zamani, siku hiyo hiyo paka vichwa vyote viwili gundi ya mbao au rangi ya mafuta, nzito, mara mbili. Kata fimbo ndefu kuliko unavyohitaji, kama sentimita 10 kila upande, kichwa kikipasuka unakikata unasonga mbele. Fimbo nene ipasue katikati ikiwa bado mbichi, na kama ni nyembamba basi punguza upande wa tumbo mapema ubakize unene uzidi kidogo ule wa mwisho, gome la mgongoni liache kwanza, linazuia maji yasikimbie.

Kisha kivulini. Sio juu ya bati, sio karibu na jiko, sio ndani ya gari lililopaki juani. Ifunge kwenye ubao ulionyooka isijipinde, na kila wiki ipime kwenye mzani, hata wa dukani kwa jirani utafaa. Uzito ukiacha kushuka, imekauka. Najua hapa ndio uvumilivu unaisha, mtu anataka kulenga Jumamosi hii, lakini mti ulioharakishwa utakulipa nyufa tu.

Sasa umekauka, umechonga, na unaona mstari. Au pengine huuoni vizuri. Futa hapo na kitambaa chenye spiriti kidogo, spiriti itakauka haraka juu ya mti lakini ndani ya ufa itachelewa, utaona mstari mweusi unakuonyesha ufa unaanzia wapi na kuishia wapi. Weka alama ya penseli kwenye ncha zake zote mbili. Hizo alama ni muhimu kuliko gundi, maana baadaye ufa ukizivuka ujue unatembea, na ufa unaotembea ni habari nyingine.

Kama ni wa urefu, uko katikati ya mkono wa upinde (ile sehemu inayopinda kila upande wa kishikio) na hautoki pembeni, tulia. Chukua supagluu ile nyepesi kama maji, idondoshe ifyonzwe, rudia mpaka ufa ukatae kunywa, acha ikauke kabisa ndio upige msasa. Usijaze unga wa mbao ukadhani umeongeza nguvu, hiyo ni urembo tu. Na tafadhali usifute supagluu kwa pamba wala kitambaa cha pamba, inachemka ghafla na kutoa moshi, inaunguza vidole kweli kweli.

Ufa unaotoka pembeni kwa mshazari ndio wa kuogopa kidogo, kwa sababu ukivuta, hapo kibanzi kinataka kunyanyuka. Ingiza gundi, kisha banisha kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, zungusha huku unauvuta, hakuna jiriwa inayobana vizuri hivyo kwa bei hiyo (weka karatasi ya nailoni katikati la sivyo tyubu itagandia hapo hapo). Kesho yake fungua, zungushia uzi imara, mizunguko igusane bila nafasi, ianze kabla ya ufa na iishie baada yake, halafu paka gundi ya mbao juu ya uzi. Uzi ukiwa wa pamba usitumie supagluu, sababu nimeshaisema.

Mgongo pia upitishie kipande cha pamba kikavu polepole kabla ya kila hatua ya kuuvuta zaidi. Pamba ikinasa mahali, kuna kibanzi kimeanza kuinuka ambacho jicho halijakiona. Mara nyingi ni pale kisu kilipokata nyuzi, ndio maana tunasema mgongo usiuguse, toa gome tu basi, nguvu zako zote zipeleke tumboni. Kwenye kifundo cha tawi usilazimishe kusawazisha, acha kinundu kibaki na upana uongezeke kidogo kukizunguka.

Tumboni utakutana na vistari vidogo vilivyokata kwa upana, kama mikunjo ya ngozi kwenye kiwiko. Hapo mti umebanwa kupita uwezo wake, na gundi haisaidii kitu. Maana yake upinde unapindia sehemu moja tu. Toa mti kidogo kidogo pande mbili za hapo kwa kufuata urefu wa upinde, pale penye mikunjo usiguse, mpaka mpindo usambae mkono mzima, na ukubali upinde utakuwa mwepesi kuvuta kuliko ulivyopanga. Kwa anayeanza, upinde wa kama mita 1.7 kwa mvuto wa sentimita 70 unasamehe makosa mengi kuliko mfupi.

Ufa wa kukata upana mgongoni? Acha. Usizungushie uzi, usiweke ngozi, usimpe mtoto. Ngozi mbichi ya mbuzi iliyogundishwa mgongoni ni kinga nzuri kwa mti mzima ambao huuamini sana, ila nyuzi zikishakatika haiziungi. Upinde ukivunjika ukiwa umevutwa vipande vinakuja usoni, kwa hiyo vaa miwani hata kwa ule uliotibiwa vizuri. Ufa wa kwenye kishikio lakini usikutishe, pale ni pana na hapapindi, jaza epoksi uendelee.

Baada ya kutibu usivute mpaka mwisho. Vuta robo mara nyingi, angalia alama zako za penseli, sogea nusu, angalia tena, na ukisikia "tik" simama hapo hapo. Usiachie ugwe, yaani kamba ya upinde, bila mshale, huo mshtuko wote unarudi kwenye mti. Na kabla hujauliza, huu ni wa kulenga gunia la majani makavu, kuwinda bila leseni ni kesi, na Kenya uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku tangu 1977.

Ukimaliza paka vanishi au mafuta pande zote, na ugwe uufungue kila ukimaliza kulenga. Aliyechongea Tanga akahamia Dodoma aendelee kuukagua miezi ya kwanza, ile hewa kavu itaendelea kunyonya maji yaliyobaki hata kama Tanga mzani ulikuwa umeshatulia.