SOMO: Kudai kamati ya usawa katika kaunti au jiji lenu (soma mpaka mwisho kabla ya kuuliza)

Mwezi huu nimeulizwa swali hili mara sita: "Tufanyeje ili mji wetu nao uwe na tume ya kupinga ubaguzi?" Mara sita nimejibu kwa sauti ya WhatsApp, na mara sita aliyeuliza akasikiliza nusu kisha akanipigia kuuliza nusu ya pili. Basi naandika mara moja. Somo hili ni la walio Kenya. Mimi na wenzangu tumeipita njia hii mara mbili, na mara ya kwanza tulichemsha.

Kabla ya hatua yoyote, acheni neno "tume". Najua linavuma vizuri kwenye bango. Lakini tume huru ni zile za Sura ya 15 ya Katiba, na kaunti haiwezi kujizalia nyingine ya namna hiyo. Tayari kuna Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, ya Jinsia na Usawa, na ya Haki ya Utawala, zote tatu zikiwa na sheria zake za 2011, na ya Uwiano na Utangamano iliyotokana na sheria ya 2008. Kaunti yenu inaweza kutunga sheria yake na kuunda kamati au bodi inayopokea malalamiko juu ya huduma za kaunti yenyewe. Mkiandika "tume huru yenye mamlaka ya mahakama", mwanasheria wa bunge ataifuta kabla ya chai ya saa nne.

1. Tenganisheni ya kaunti na ya serikali kuu. Vibanda vya soko, leseni za biashara, ajira za kaunti, hospitali za kaunti, chekechea, basari za kaunti: haya yanaingia. Polisi, vitambulisho, shule za sekondari: hayaingii.

2. Pateni takwimu, msiende na minong'ono. "Kila mtu anajua kazi wanapeana wao kwa wao" si ushahidi. Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 zinakupa haki ya kuandika barua na kuomba orodha ya waajiriwa kwa jinsia, kabila na ulemavu, au ya waliogawiwa vibanda. Wana siku 21 za kujibu. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Barua iliyonyamaziwa nayo ni ushahidi. Iwekeni kwenye faili pamoja na nakala yenye muhuri wa mapokezi.

3. Andikeni ardhilhali. Ndiyo petisheni hiyo. Kwa Kiswahili inakubalika kabisa, wala msikodi mtu awaandikie Kiingereza cha mahakamani. Lugha ya adabu, bila matusi. Semeni mlikwisha kulalamika wapi na mkajibiwa nini, semeni kama jambo liko mahakamani au haliko, na mmalizie kwa maombi mahususi: mnataka bunge la kaunti lifanye nini hasa. "Bunge liangalie suala hili" si ombi. "Bunge litunge sheria ya kuunda kamati ya usawa yenye mamlaka yafuatayo" ndilo ombi.

4. Saini. Hapa ndipo tulipozama.

Kisheria hata mtu mmoja anaweza kuwasilisha ardhilhali. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 15, inasema "mtu", haisemi umati. Lakini tulitaka wingi, tukapata saini mia nne na kitu katika masoko mawili na stendi moja. Kazi ya wiki tatu juani. Tulikuwa tumechapa kichwa cha habari kwenye karatasi ya kwanza pekee, zilizofuata tukachana kwenye daftari la mistari. Kundi la stendi karatasi zao zililowa mvua, kijana mmoja kwa nia njema akakata zile safu za saini zilizosalimika akazibandika kwa gundi kwenye karatasi mpya. Zilipendeza, wallahi.

Ofisi ya Karani wa Bunge la Kaunti ilizirudisha zote. Kanuni ya bunge inataka saini au alama ya kidole iwekwe moja kwa moja kwenye ardhilhali, isibandikwe wala kuhamishwa kutoka karatasi nyingine. Na mada lazima ionekane juu ya kila karatasi, kwa sababu karatasi ya mistari yenye majina matupu inaweza kuwa ya kuomba lami, au ya mchango wa harusi. Nilikasirika siku mbili, nikanung'unika kwamba wanatuhujumu. Siku ya tatu nikakubali kwamba ningekuwa mimi kwenye dawati lile ningezirudisha vilevile.

Kwa hiyo: kichwa cha habari juu ya KILA karatasi. Safu za jina, anwani, nambari ya kitambulisho, saini au kidole. Mtu akikosea, asifute wala kupaka ule wino mweupe. Apigiwe mstari safu nzima aanze upya chini. Msiambatishe barua wala hati za kiapo isipokuwa kanuni za bunge lenu zinaruhusu. Ushahidi mtauleta mbele ya kamati ya bunge.

Na jiandaeni kwa hofu ya kitambulisho. Tangu 2021, watu walipojikuta wamesajiliwa uanachama wa vyama vya siasa bila kujua, ukimwomba mama wa mboga nambari yake anakutazama kama tapeli. Ana haki. Msomeeni ardhilhali yote kwanza, muachieni nakala, na MSIPIGE picha karatasi za saini mkazirusha kwenye kundi. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kuna pia aibu.

5. Pelekeni kwa Karani wa Bunge la Kaunti. Nakala mbili, ya pili igongwe muhuri mrudi nayo. Mwakilishi Wadi pia anaweza kuiwasilisha kwa niaba yenu, lakini chagueni anayehudhuria vikao.

6. Kamati. Ikishasomwa bungeni inakwenda kwenye kamati husika, na kanuni za kudumu kwa kawaida huipa siku 60 kutoa majibu. Hesabuni wenyewe. Siku ya 45 andikeni barua ya kukumbusha, ya upole.

7. Mswada. Kamati ikikubali, mswada utasomwa mara ya kwanza, utapelekwa kwa wananchi kwa maoni (Ibara ya 196), kisha kusomwa mara ya pili na ya tatu. Gavana ana siku 14 za kutia saini au kuurudisha na sababu; akikaa kimya, unahesabiwa umekubaliwa. Ninyi kazi yenu ni kusoma rasimu kwa wembe. Je, kamati ya usawa inaweza kuidai idara nyaraka, au "itashauriana nayo" tu? Idara ina siku ngapi za kujibu? Wajumbe wanateuliwa na nani, na wanaweza kufukuzwa na mtu huyo huyo akiamka vibaya? Ripoti ya mwaka inawekwa mezani bungeni, au kwenye droo? Pale mlipoandika "itakuwa", mtakuta kimeandikwa "inaweza kuwa". Huo ndio mchezo. Rudisheni.

8. Pesa. Sheria bila fungu la bajeti ni kalenda ya ukutani. Makadirio ya bajeti hufika bunge la kaunti kabla ya 30 Aprili, na mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Lakini mkianza kupiga kelele Aprili mmechelewa: mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kabla ya 1 Septemba, na mkakati wa fedha kabla ya 28 Februari. Kamati yenu isipotajwa humo, Mei mtaambiwa "mwaka ujao, inshallah". Mkiletewa ahadi ya gari, ikataeni, ombeni mishahara ya maafisa wawili na chumba chenye mlango wa kuingilika kwa kiti cha magurudumu.

Haya, maswali. Ya maana.

---

KijanaStendi: Asante mkuu. Sasa saini zinatakiwa ngapi?

Mwandishi: Hatua ya 4, aya ya kwanza.

KijanaStendi: Hujajibu.

Mwandishi: Nimejibu kabla hujauliza. Moja inatosha.

Mwanamkuu: Maelezo marefu sana. Si mumwombe gavana aunde kamati kwa barua yake tu? Wiki moja imekwisha.

Mwandishi: Itaundwa wiki moja na itakufa wiki moja, siku gavana mwingine akiapishwa. Si jambo la kwetu pekee. New York, baada ya ghasia za Harlem za 1943, Meya La Guardia aliunda kamati ya umoja mwaka 1944. Ilifanya tafiti, ikatoa ushauri, mamlaka ya kisheria haikuwa nayo. Ilibidi wangoje 1955 jiji litunge sheria na kuunda chombo cha kudumu, na 1957 ndipo jiji likapiga marufuku ubaguzi katika nyumba za kupanga za watu binafsi. Kile chombo kikapewa jina la Tume ya Haki za Binadamu ya jiji mwaka 1962, kipo mpaka leo. Miaka 11 kati ya barua ya meya na sheria. Wewe unataka kuanza na barua?

Mwanamkuu: Mimi nilikuwa nauliza tu.

Mwandishi: Nami nilikuwa najibu tu, dada. Hatugombani.

Bin Seremala: Haya ni mambo ya kuletwa na Wazungu. Sisi pwani tunaishi kwa udugu.

Mwandishi: Fungua Ibara ya 27(4). Imetaja rangi, dini, kabila, ulemavu, ujauzito, hata mavazi. Katiba hiyo tuliipigia kura wenyewe tarehe 4 Agosti 2010. Na binti aliyeambiwa na afisa "rudi ukivua hicho kitambaa" hakuambiwa na Mzungu. Udugu naupenda, udugu huo huo ndio unaogawa vibanda sokoni, au siyo?

Mama Riziki: Samahani mwalimu, mimi nimesoma yote mara mbili. Kuna jambo linanichanganya. Wengine wanasema kabila moja lisizidi theluthi ya wafanyakazi, wengine wanasema asilimia 30 watoke nje. Ipi ndiyo sheria?

Mwandishi: Zote mbili, mama, na umeuliza swali ambalo hata wakubwa hulikoroga. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008, kifungu cha 7, inasema shirika la umma lisiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wa kabila moja. Hiyo inatazama wote waliopo. Sheria ya Serikali za Kaunti, kifungu cha 65, inatazama nafasi zinazojazwa: angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia ziende kwa wasio wa kabila lenye watu wengi katika kaunti hiyo. Kwa hiyo ukiomba takwimu, omba mbili: jumla ya waliopo, na walioajiriwa mwaka huo. Ukiomba moja tu, watakujibu kwa ile inayowafaa. Ukipata barua yako imejibiwa njoo tuisome pamoja.

Mama Riziki: Mungu akuzidishie. Naandika leo.

Juma_wa_Boda: Mimi kitambulisho nimezungushwa mwaka mzima kwa sababu ya jina la babu. Kamati hii itanisaidia?

Mwandishi: Hapana. Hatua ya 1. Vitambulisho ni serikali kuu. Nenda Tume ya Haki ya Utawala kwa ucheleweshaji, au ya Haki za Binadamu kwa ubaguzi. Kulalamika ni bure. Andika tarehe za kila ulipokwenda na ulichoambiwa. Pole, ndugu yangu, si jambo dogo.

Kimya Kingi: Mimi ni kiziwi. Kikao cha maoni ya umma cha kaunti yetu hakikuwa na mkalimani. Nilikaa saa tatu nikitazama midomo.

Mwandishi: Hili nilipaswa kuliweka kwenye somo, na kosa ni langu. Ibara ya 54 inakupa haki ya kutumia lugha ya ishara. Tangazo la kikao likitoka tu, mwandikie Karani siku hiyo hiyo uombe mkalimani, ubaki na nakala. Pia maoni yanapokelewa kwa maandishi, usisubiri kipaza sauti. Yana uzito ule ule, na mara nyingi hunukuliwa vizuri kuliko ya mtu aliyepewa dakika mbili. Ukikubali, nitaongeza ushauri wako chini ya hatua ya 7.

Kimya Kingi: Ongeza. Na waambie mkalimani akae mbele penye mwanga, si pembeni karibu na spika za muziki.

Mwandishi: Nitaongeza, na la mwanga nitalitia.

Shangazi Tatu: Wazee wangu wengi hawaandiki. Kidole tunatumia wino gani? Tulitumia wino wa kalamu ukapaka karatasi yote.

Mwandishi: Nunua kile kidau cha sifongo cha mihuri, cha zambarau au cheusi, duka lolote la vifaa vya ofisi. Kidole gumba cha kushoto, bonyeza mara moja usizungushe. Beba kitambaa na limau.

KijanaStendi: Limau la nini?

Mwandishi: La kutoa wino, mzee akale.

Shangazi Tatu: Mafuta ya taa yanatoa haraka zaidi.

Mwandishi: Kisha ampe mkono mjukuu? Limau, shangazi.