Kubadili Cheni ya Pikipiki kwa Cheni ya Oringi

Pikipiki nyingi za bodaboda huja na cheni ya kawaida ya namba 428, ambayo pini zake hazina kinga, hivyo vumbi na maji ya mvua huingia na kuondoa grisi hadi chuma kikasagana na chuma. Cheni ya oringi ina vipete vya mpira vinavyofungia grisi ndani ya kila kiungo, ndiyo maana hudumu zaidi.

Inunue pamoja na sproketi zote mbili, yaani magurudumu ya meno yanayoshika cheni, kwa maana meno yaliyochongoka huimaliza cheni mpya upesi sana. Na kwa kuwa ni pana kuliko ile ya zamani, hakikisha haigusi kava ya injini. Ikiwa kiungo kinachounganisha ncha zake mbili hufungwa kwa klipu, upande wa klipu uliozibwa uelekee inakokwenda cheni. Kiasi cha kulegea kifuate kijitabu cha pikipiki.

Isafishe kwa kitambaa na mafuta ya taa, injini ikiwa imezimwa, kamwe si kwa petroli, ambayo huharibu mpira. Kisha paka oili ya gia, kwani mpira uliokauka hupasuka na kuiachia grisi.