Jinsi ya kutumia neno "mkali" bila kumkosea mtu

Kwenye mageti ya Nyawera na Muhumba, hapa Bukavu, utakuta vibao vimeandikwa kwa Kifaransa Chien méchant. Wanafunzi wangu hupita mbele yake kila siku, kwa hiyo somo la neno hili hulianzia pale pale: mbwa mkali. Hakuna anayeshindwa. Taabu huanza mtu anapochukua Kifaransa cha mbwa na kumvika binadamu.

Nilimfundisha muuguzi mmoja kijana aliyetoka Kinshasa. Alipanga chumba Kadutu kwa mama mwenye msimamo: saa moja jioni geti limefungwa, kufuli limewekwa, aliyechelewa agonge na asubiri. Jioni moja alirudi kazini amechelewa, mvua inamwagika, tope limefika kwenye vifundo vya miguu. Geti lilipofunguliwa akasema, "Mama, wewe ni mbaya." Kichwani mwake alikuwa anasema méchante, neno lile lile la kibao. Alichosikia mama ni kingine kabisa. Kwetu, ukimwita mtu mbaya umesema ana roho mbaya, ni mtu wa kuogopwa, hata chakula chake usile. Wiki mbili salamu za binti hazikuitikiwa. Mwishowe tulipanda mlima wa Kadutu pamoja, mimi na yeye, na kilo moja ya sukari, tukaeleza kwamba kilichokosewa ni neno. Mama alitusikiliza mpaka mwisho, akasema: "Angesema niko mukali, ningekubali. Ukali ninao."

Tangu siku hiyo sifundishi neno hili bila kinyume chake. Ukitaka kujua kama "mkali" ni neno sahihi kwa mtu, weka "mpole" mahali pake. "Mwalimu wetu ni mpole" ni sentensi nzima, basi na "mwalimu wetu ni mkali" inasimama: anadai kazi, anakemea, hacheki ovyo. Lakini kama kinyume unachotafuta ni "mwema", basi unazungumzia ubaya au uovu, na hapo ujipime mara mbili kabla ya kufungua mdomo. Mtu mkali anaweza kuwa mwema sana. Bibi yangu aliyenilea alikuwa mkali, na sijapata kuona mtu aliyegawa chakula kama yeye.

Jambo la pili ndilo linalowashinda hata waliozaliwa na Kiswahili mdomoni: mkali ni tabia, hasira ni hali. Kama baba yako hukemea tangu ulipokuwa mtoto, sema "baba ni mkali". Kama kwa kawaida ni mtulivu na leo asubuhi amekuta pikipiki yake imekwaruzwa, sema "baba amekasirika". Angalia kwamba Kiswahili hapa hakitaki kivumishi, kinataka kitenzi, tena chenye -me-, kwa sababu hasira imemwingia na bado anayo. Ukisema "anakasirika" bila neno lingine, msikilizaji atangoja umalizie: anakasirika akiguswa, anakasirika kila akipoteza. Na kama amekaa kimya, mdomo ameuvuta, hataki kula, huyo amenuna. Anayepaza sauti anafoka. Anayewaka kwa jambo dogo ana hasira za karibu. Anayetafuta ugomvi hata pasipo na sababu ni mgomvi, au mkorofi. Wote hawa huwezi kuwatosheleza kwa "mkali" peke yake, na nakusihi usijaribu.

Mitaani utasikia pia "ana kasirani". Ni neno letu la kila siku na silikatazi. Ila ukimwandikia mfanyabiashara wa Dar es Salaam au Kigoma, andika "ana hasira" ili akuelewe bila kurudia kusoma.

Sasa upatanisho wa kisarufi. Mdomoni tunasema mukali, na sentensi zetu nyingi zinaacha "kali" kavu: maneno kali, kisu kali. Kwenye karatasi neno hili linafuata bwana wake, yaani jina linaloelezwa. Mtu mkali, watu wakali. Moto mkali, upepo mkali. Kisu kikali, visu vikali. Neno kali, maneno makali. Jicho kali, macho makali. Jua halina nyongeza: jua kali. Vivyo hivyo pilipili kali, baridi kali, njaa kali, homa kali. Wanyama ndio mtego. Mbwa, nyuki na ng'ombe, ingawa majina yao hayabadiliki katika wingi, hufuata watu: mbwa mkali, nyuki wakali. Ukiandika "mbwa kali" kwenye kibao cha geti lako, mwizi ataelewa, lakini mimi nitasimama na kuumia moyo.

Ukitaka kulisikia neno likifanya kazi, panda soko la Kadutu asubuhi. Muuza pilipili ataulizwa "hizi ni kali?" na atavunja moja akuwekee puani ujibu mwenyewe. Hatua chache mbele kuna anayenoa visu kwenye jiwe. Anapitisha kidole gumba kwenye makali, taratibu, kisha anakurudishia kisu bila kusema kitu. Makali ni ule ukingo unaokata. Ndipo neno lilipo na mzizi wake kwa maoni yangu: kitu kinachochoma au kukata kikiguswa. Mtu mkali ni hivyo hivyo, ukimgusa vibaya unajua. Na kinyume hubadilika na kitu: mtu asiye mkali ni mpole, lakini kisu kisicho kikali ni butu. Usiseme kisu kipole.

Vijana wanalitumia kusifu, "wimbo mkali", "yule ni mkali wa hisabati". Ni sahihi, maana yake anaweza sana. Ila usimsifu hivyo mzee, atadhani unamlalamikia.

Likiambatana na kitenzi, tumia "vikali" au "kwa ukali": "alimkemea vikali", "alijibu kwa ukali". Kwa mtu unayemheshimu, sema "Mama, naomba usinijibu kwa ukali", usimwambie "wewe ni mkali" usoni. La kwanza linahusu jibu lake la leo, la pili linahusu utu wake wote.

Zoezi ninalotoa ni hili: chagua mtu mmoja unayemjua, uandike sentensi nne juu yake. Moja ya tabia, moja ya hasira ya siku fulani, moja ya sababu, na moja ya maneno yaliyotoka. Muuguzi wangu alimchagua nani tena? Aliandika: "Mama mwenye nyumba ni mkali. Jana alikasirika. Nilichelewa na sikumpigia simu. Aliniambia maneno kali, kisha akanipa sambaza na ugali." (Sambaza ni samaki wadogo wa Ziwa Kivu.) Nikachukua kalamu, nikaongeza ma- mbele ya kali, nikamrudishia daftari.