Soketi zinatoa cheche na mwenye nyumba hajigusi, fanya hivi

Kwanza jua tatizo liko upande gani wa mita. Kuanzia kwenye nguzo mpaka LUKU ni kazi ya TANESCO, unapiga 180 unawapa namba ya mita. Kuanzia LUKU kuingia ndani, yaani mein swichi, nyaya, soketi, taa za korido, hizo ni za mwenye nyumba, na TANESCO wakija watawaambia tafuteni fundi.

Sasa usikubali ile ya "umeme si mnatumia nyie". Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka nyumba au chumba cha kuishi kifae kukaliwa na mtu siku unaingia na kiendelee kufaa muda wote wa kupanga, hata kama mkataba wenu haujagusia. Ila tuwe wakweli, kama soketi umeiunguza mwenyewe kwa hita ya maji na pasi kwenye ekstensheni moja, hiyo utalipa.

Huku Mwanza angalia sana ethi, ule waya unaopeleka umeme uliovuja ardhini. Nyumba nyingi za milimani, Mabatini, Igogo, Isamilo huko, zimekalia mawe, nondo ya ethi haishuki, na kuna mafundi wanaikata wanafukia kipande basi, kwa macho kila kitu kiko poa. Halafu unashika friji uko peku sakafu imelowa, mkono unatekenywa! Hilo sio la kuzoea. Zima mein swichi, dai fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti mambo ya umeme na maji, apime ethi kwa mashine, sio kuchomeka testa taa ikawaka akasema tayari. Na ikitokea moto wa umeme usimwagie maji, zima mein kama unaifikia, toka nje piga zimamoto 114.

Kudai kwenyewe ni kwa maandishi. Piga simu ndio, heshima ya mtu mzima, lakini ukikata tu mtumie na mesej: "Shikamoo baba, kama tulivyoongea, soketi ya chumbani inatoa cheche tangu Jumatatu, picha hizo hapo, tumeizima. Naomba fundi aje kabla ya Ijumaa." Hapo una tarehe, una picha, na tiki zikiwa za bluu hawezi kusema hakuambiwa.

Akisema "tengeneza tutakatana kwenye kodi", aandike na kiasi kabla fundi hajaanza, risiti tunza. Usijikatie kodi kimya kimya, mtafika mbele za watu wewe ndio unaonekana mdaiwa.

Akiendelea kukaa kimya nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, mara nyingi wanajuana na yanaishia hapo. Isipoisha ni Baraza la Kata, ambalo tangu 2021 linasuluhisha tu, halitoi hukumu, na siku 30 zikipita hamjaelewana unaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Beba mkataba uliolipiwa ushuru wa stempu, bila hivyo unaweza kukwama kwenye ushahidi. Akikukomoa kwa kukata umeme au kukupigia kufuli, piga picha uongeze kwenye malalamiko, maana sheria hiyohiyo inakupa haki ya kukaa bila kubughudhiwa.

Halafu mkikaa mezani kumbushia na kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU unayonunua wewe, ile ni deni lake, wengi wetu tunamlipia mwaka mzima hatusemi kitu.