SOMO: Kuovakloki i7-4790K bila kuiua, volti ngapi na joto ngapi kwa chumba cha Dar

Wakuu, wiki hii nimeulizwa kitu hicho hicho kama mara tatu, "nimepata 4790K used, niende volti ngapi?", sasa naandika hapa mara moja yaishe. Kuovakloki ni kuilazimisha prosesa iende kasi kuliko ile ya kiwandani. Nazungumzia hii prosesa ya Intel ya 2014 kwasababu ndo ipo mezani kwangu mpaka leo, kama una chip nyingine fuata mwendo ila namba usizibebe hivi hivi.

Kwanza hakikisha mashine inaruhusu. Lazima iwe na ile K mwishoni, 4790 tupu imefungwa, na madabodi (bodi kuu) iwe ya chipset ya Z97 (au Z87 iliyopewa bayosi mpya, ile programu ya setingi inayowaka kabla ya Windows). Zile desktop za ofisini zinazokuja na makontena, OptiPlex sijui EliteDesk, menyu ya kuovakloki hazina hata ukeshe. Na ile feni ndogo ya kwenye boksi itoe, kwa joto letu hata mzigo wa kawaida inaubeba kwa shida. Mimi natumia hitisinki (chuma chenye feni cha kupoza prosesa) ya Hyper 212, sio ya kifahari ila inatosha.

Kingine watu wanaogopa joto wakati kinachoua zaidi ni volti. Joto lina mlinzi, 4790K ikigusa nyuzi 100 inajipunguzia kasi yenyewe na ikizidi sana inazima. Volti haina huruma hiyo, ukiweka 1.45 inapokea, gemu linaenda, nyuzi ziko 75 unajiona mjanja, kumbe ndani inaliwa taratibu. Prosesa yangu ya zamani niliifanyia hivyo hivyo karibu mwaka mzima na mfumo wa maji, haikuwahi kuchemka hata siku moja, halafu ikaanza skrini ya bluu kwenye kasi ile ile iliyokuwa inaibeba, naongeza volti inatulia wiki mbili inarudia tena. Hapo ndo imeshachakaa, hakuna fundi wa kuirudisha.

Haya tuanze.

Hatua ya 1: Usiguse kitu. Weka HWiNFO64 (inasoma joto na volti) na Cinebench R23 (inaipa prosesa mzigo), piga nusu saa ikiwa kawaida, andika joto la juu NA joto la chumba. Hili la chumba ndo linawaponza wengi, unasoma jamaa wa Ujerumani anapata nyuzi 72, chumba chake kina 20, wewe Februari hapa Dar chumba kina 32, kwa hitisinki ile ile na volti zile zile wewe utaona kama 84. Na usipime usiku wa manane ukasema iko poa, pima saa nane mchana madirisha yako yakiwa kama siku zote.

Hatua ya 2: Ingia bayosi, rudisha kila kitu kawaida, kore zote (vichakataji vilivyo ndani ya prosesa) ziweke 44, yaani 4.4 GHz, volti ya kore toa kwenye Auto weka manual 1.20. Auto usiiamini kabisa ukishaanza kuovakloki, madabodi nyingi zinajitilia volti za ziada ili tu zisionekane zimefeli. Volti ya kuingilia (ile ya 1.8) iache, ukivuka 1.25 ya kore ndo uipandishe 1.9. RAM usiiguse leo, ikikwama hutajua nani mkosaji.

Hatua ya 3: Panda moja moja, 45, 46, kila ukipanda piga Cinebench dakika kumi. Ikiganda au ikileta bluu ongeza 0.02 ujaribu tena. Cheki pia chini kabisa ya HWiNFO kuna mstari wa makosa ya WHEA (makosa ya hadwea ambayo Windows inayarekodi), kama unahesabu hata kosa moja bado haijatulia hata kama haijazima.

Hatua ya 4: Wapi pa kusimama. Kwangu mimi, mpaka 1.25 lala usingizi. 1.25 mpaka 1.30 sawa kama upozaji ni mzuri. 1.30 mpaka 1.35 ni uamuzi wako na mfuko wako. 1.40 ya kila siku, hapana. Joto, nataka chini ya 80 kwenye gemu na isivuke 85 kwenye kipimo kizito, volti au joto, kimoja kikigota kabla ya mwenzake unaishia hapo hapo.

Na piga hesabu kabla ya tamaa. Joto linalozalishwa (wati, sio nyuzi) linapanda na kasi mara volti mara volti. Kutoka 4.2 kwa 1.15 kwenda 4.6 kwa 1.25 unapata kasi 9% na ushee, joto linaongezeka kama 29%. Ukilazimisha 4.8 kwa 1.38 kasi ni 14%, joto 65%!! Ndo maana yangu imekaa 4.6 na sina mpango.

Hatua ya 5: Kipimo cha mwisho. Prime95 mpya (programu ya kuitesa prosesa) kwenye kipimo cha Small FFTs inatumia AVX (maagizo mazito ya hesabu), inachemsha kuliko gemu lolote, dakika chache zinatosha. Usiipige ukiwa kwenye adaptive (volti inayojipanga yenyewe) maana hizi Haswell (kizazi cha 4790K) zinajiongezea volti juu ya uliyoweka.

MASWALI

Mkuu mimi nina Ryzen 5 3600 ya AMD, naweza kutumia hizo 1.30 zako? Mbona HWiNFO inanionyesha mpaka 1.45 na sijagusa kitu?

– Hiyo 1.45 isikutishe, inaipata kwa muda mfupi mzigo ukiwa mdogo, yenyewe inajua. Kosa ni wewe kuifunga 1.45 kore zote muda wote. Ukifunga kwa mkono kaa chini ya 1.30, kikomo chake cha joto ni 95 sio 100. Ila kusema kweli ningekuwa wewe ningeiachia PBO (mfumo wa AMD wa kujipandisha kasi wenyewe).

Bro yangu ikitulia tu bila kufanya kitu inasoma 55, chumba 31, volti 1.22. Kawaida hiyo?

– Hapana, ilitakiwa iwe arobaini na kitu. Fungua hitisinki, pesti (ile ya kupitisha joto kati ya prosesa na hitisinki) itakuwa imekauka au skrubu moja haijakaza. Usipande hata hatua moja kabla hujarekebisha.

Laptop je?

– Acha. Safisha vumbi, badili pesti, basi.

Nimepandisha mpaka 48 sasa haiwaki kabisa skrini nyeusi nimeiua????

– Tulia kaka, haijafa. Chomoa waya wa umeme, toa kile kibetri cha CR2032 kwenye madabodi dakika tano, rudisha, itaamka na setingi za kiwandani. Halafu anza tena na 44 sio 48, nilisema moja moja.

Imewaka mkuu 🙏 nimeiweka 45 kwa 1.21, Cinebench inasoma 78

– Chumba nyuzi ngapi?