Mazabodi ya bei mbaya: namna ninavyoipima mezani kabla mteja hajatoa hela

Mwezi uliopita mteja wangu wa Njiro, hapa Arusha, kijana anayehariri video za safari za mbugani, alinitumia picha ya mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) ya Z790 iliyokuwa inauzwa Moshi. Imetumika mwaka mmoja, boksi lake lipo, taa zinawaka kama ukumbi wa harusi. Swali lake lilikuwa fupi: "Fundi, hii inakimbiza?"

Mazabodi haikimbizi. Chukua prosesa ileile, Core i9-14900K, uiweke kwenye bodi ya kawaida yenye afya, kisha uihamishie kwenye bodi ya milioni mbili bila kugusa mipangilio. Tofauti utaitafuta kwa tochi. Unacholipia huku juu ni umeme mwingi na safi wa kuilisha prosesa ukianza kuiovakloki (kuikimbiza kupita kasi yake rasmi), na vitufe vya kukuokoa ukishaharibu. Mengine ni mapambo, nami nayapita.

Hatua ya 1: Soma chipseti

Kwenye soketi ya LGA 1700, iliyoingia sokoni 2021 na kubeba vizazi vya 12, 13 na 14 vya Intel, huwezi kupandisha kizidisho cha prosesa (namba inayoamua kasi yake) bila chipseti, yaani chipu inayosimamia bodi, ya Z690 au Z790, na prosesa yenyewe iwe na herufi K. B760 itakuruhusu kupandisha RAM, ikaishia hapo. AMD, washindani wa Intel, hawana ubahili huo: kwenye soketi yao ya AM5 hata chipseti ya B650 inaovakloki. Kumbuka pia kwamba Core Ultra 200S za 2024 zimehamia LGA 1851, kwa hiyo bodi ya Z790 haina prosesa mpya ya kuisubiri mbele. Hilo ni la kumwambia muuzaji mkifika kwenye bei.

Hatua ya 2: Soketi, kwa tochi ya kulalia

Toa prosesa. Zima taa ya chumba, washa tochi ya simu na uilaze pembeni, usimulike kutoka juu. Pini zikiwa salama zinaonekana kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba: ukifuata mstari wowote kwa jicho unafika mwisho bila kukwama. Pini iliyolala inang'aa tofauti na wenzake. Piga picha, ikuze, rudia kwa pande zote nne. Mimi hapa natumia dakika kumi nzima na sioni aibu, kwa sababu pini moja tu inaweza kuua chaneli nzima ya RAM huku kompyuta ikiwaka kama kawaida.

Hatua ya 3: Hesabu ya fezi

Boksi limeandika fezi 20, yaani njia 20 za kuilisha prosesa umeme, kila moja ya ampea 105. Ukizidisha unapata ampea 2,100, za kuchomelea mageti. Turudi duniani: 14900K kwa kikomo chake cha wati 253, volti zikiwa 1.2 hivi, inahitaji kama ampea 210. Gawa kwa fezi 20, kila moja inabeba kumi na kitu tu. Ndiyo maana bodi yenye fezi 12 nzuri inafanya kazi hiyo bila jasho, na namba kubwa ya boksini isikutoe mate.

Kinachoamua ni joto. Ikipotea asilimia 10 tu ya umeme njiani, ni wati 25 na ushee zinazogeuka joto pembeni ya soketi, na lazima zitoke. Shika bamba la kupozea lililo juu ya fezi. Je, ni chuma kizito chenye mapezi, au ni ganda jepesi lililobebeshwa taa? Tikisa taratibu. Likicheza, pedi za chini zimeachia au skurubu imelegea.

Hatua ya 4: BIOS kabla ya jaribio lolote

Hapa wengi wanaumia. Prosesa za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa na tatizo la kupewa volti za juu mno, na Intel walitoa marekebisho 2024: maikrokodi (maagizo ya ndani ya prosesa) 0x129 mwezi Agosti, kisha 0x12B mwezi Septemba. Bodi iliyokaa na BIOS (programu ya ndani ya bodi) ya zamani isijaribiwe kabla ya kusasishwa. Prosesa iliyokwisha kuchakaa haiponi kwa sasisho, kwa hiyo jaribio likifeli usikimbilie kuilaumu bodi. Ninayo i3-12100 ya majaribio. Bodi ikitulia nayo, mgonjwa huenda ni prosesa ya mteja.

Sasisha kwa kitufe cha flashibaki, kile kinachofanya kazi hata bila prosesa: flashi iliyofomatiwa FAT32, faili libadilishwe jina kama kitabu cha bodi kinavyosema, tundu lake maalumu la USB. Umeme uliwahi kunikatikia katikati ya sasisho, UPS imekufa betri nami sijui. Kitufe hicho ndicho kilichoniokoa. Bodi ya bei hii isiyo nacho siinunui.

Kisha ingia kwenye vikomo vya umeme. Bodi za wapenda kasi mara nyingi hujiwekea wati 4096, maana yake hakuna kikomo. Weka 253. Na chomeka plagi zote mbili za umeme wa prosesa, si moja.

Hatua ya 5: Mzigo wa nusu saa

Cinebench R23 (programu ya kuibana prosesa), dakika 30, HWiNFO (ya kusoma joto na volti) ikiwa wazi pembeni. Naandika joto la VRM, yaani zile fezi za umeme, kila dakika tano kwenye daftari. Mstari unaopanda kisha ukatulia ni mzuri. Unaopanda mpaka mwisho bila kutulia unanitisha hata kama namba bado ni ndogo.

Usiamini kihisi cha bodi peke yake. Ukiwa na kipimajoto cha miale, bandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme juu ya bamba, kisha upime kwenye tepu. Chuma kinachong'aa hudanganya kipimo, nilishawahi kusoma nyuzi 41 kwenye bamba lililoniunguza kidole.

Halafu kuna suala la kwetu. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa karibu moja ya saba kuliko ya Dar. Feni inazunguka vilevile lakini inabeba joto kidogo. Moshi wako chini zaidi, ila joto la mchana linawarudisha palepale. Vipimo vya Ulaya visome ukijua hivyo. Nami napima saa nane mchana, sipimi asubuhi ya Julai.

VRM ikibaki chini ya nyuzi 90 kwa wati 253, tunaendelea.

Hatua ya 6: RAM na njia za PCIe

Vijiti viwili, tundu la pili na la nne kuanzia kwenye prosesa. Washa XMP (mpangilio wa kasi iliyoandikwa kwenye paketi ya RAM) na uache MemTest86, programu ya kupima RAM, imalize mizunguko yake minne. Kumbuka DDR5-5600 ndiyo kasi rasmi ya RAM kwa i9 za kizazi cha 13 na 14; 7200 ya kwenye paketi tayari ni ovakloki. Bodi ikigoma kuwaka, kijiskrini chake cha tarakimu mbili kitasema: 55 mara nyingi ni RAM haijaonekana, rudi hatua ya 2.

Angalia pia kama diski ya M.2 ya Gen5 (ile bapa ya kasi kubwa) inainyang'anya kadi ya grafiki nusu ya njia zake za data, ndizo PCIe. Bodi nyingi za Z790 zinafanya hivyo. Programu ya GPU-Z itaonyesha x8 badala ya x16.

Hatua ya 7: Sasa ibane

Kizidisho kimoja juu, jaribu, kingine, jaribu. Volti hushuka mzigo ukiingia, kama maji ya bomba jirani akifungua lake. LLC, mpangilio wa kwenye BIOS, ndiyo inayozuia mshuko huo. Weka ngazi ya kati. Ya juu kabisa hurusha volti mzigo unapoachia. Pima kwa multimita kwenye vituo vya bodi vya kupimia volti, kama inavyo. Ile ya Moshi, nilipoipima kwa muuzaji, niliiwekea volti 1.300, ikashuka hadi 1.21 kwenye mzigo na kukaa hapo bila kuyumba.

Nilimwambia kijana anunue, ila apunguziwe, kwa sababu tundu moja la M.2 lilikuwa limepoteza skurubu na pedi yake. Muuzaji akataka kuituma kwa basi. Nikakataa: mwaka juzi bodi yangu ilikuja hivyo, chini ya gunia, haina kifuniko cha soketi, pini sita zimelala. Kijana alipanda gari mwenyewe, akadai kifuniko cha plastiki kabla ya kutoa hela, akarudi Arusha boksi likiwa mapajani.